Shamba la Bi Zuhura Lilikuwa Kwenye Simu

Aliyeuona uvimbe wangu kwanza ni kinyozi. Ilikuwa baridi ya Julai, pale mtaani kwetu Lucky Summer, na mashine ilikuwa imefika chini ya sikio la kushoto aliposimama na kunigusa shingo kwa kidole gumba.

"Boss, hapa kuna nini?"

"Ni tezi tu. Nina mafua."

Hakubisha, ila mashine hakuirudisha upande ule. Nilitoka pale nikiwa nimenyolewa vizuri upande mmoja.

Ninaandika haya kwa sababu najua kuna mtu ambaye kinyozi wake, au mkewe, au mamake, amemgusa mahali kisha akanyamaza. Kueleza ugonjwa wenyewe siwezi. Madaktari wameueleza mara nyingi mbele yangu, na kila mara nimejikuta nikitazama tu mdomo unavyosogea. Ninachokijua ni jinsi siku zinavyokwenda ukiwa ndani yake, na jinsi usivyoweza kufanya lolote ili zikimbie.

Naitwa Wafula. Nilikuwa karani katika kampuni ya uchukuzi kule eneo la viwanda, nikipanga lori gani liende wapi na nani aliendeshe. Mwenyewe sijui kuendesha hata gari dogo. Labda ndiyo sababu gemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya malori. Unapewa mzigo, unapewa barabara, unaenda. Hakuna kupigana wala kuua mtu. Nikifika nyumbani, mke wangu Mwikali akipika, mimi nilikuwa nikiwasha kompyuta, nikishika padi ya kuchezea kwa mikono miwili na kusafirisha vioo kutoka bandarini hadi mji fulani wa milimani wenye theluji. Mwikali alikuwa akinicheka.

"Kazini malori, nyumbani malori. Siku moja utaniuliza kama nimejaza mafuta."

Kwenye zahanati ya kwanza walisema ni TB ya tezi. Nikameza dawa. Mkojo ukageuka rangi ya chungwa, uvimbe ukapata mwenzake shingoni, kisha mwingine chini ya kwapa. Nikilala nilitoa jasho mpaka godoro likalowa. Kila asubuhi Mwikali alianika shuka kwenye kamba ya uani, pale kwenye ploti tulipopanga, hadi jirani mmoja akamuuliza kwa furaha kama tumepata mtoto.

"Bado, mama," Mwikali alimjibu. Aliporudi ndani aliketi kitandani, akavaa viatu vya kazini. Nilitaka kumwambia pole. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nikijikuna. Mwasho ule sijui niufananishe na nini. Nilijikuna kwa kitana mpaka nikatoka damu, na ngozini hapakuwa na kipele hata kimoja.

Walipokuja kukata kipande cha tezi kikapimwe, nguo zangu tayari zilikuwa zikining'inia mwilini. Majibu yalifika mvua za vuli zikianza. Saratani ya tezi. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alisema inatibika, akalirudia hilo neno. Mwikali aliuliza maswali mengi. Mimi niliuliza moja tu, kama Jumatatu ninaweza kwenda kazini.

Kemo ni kungoja. Hilo hakuna aliyeniambia mapema. Unangoja kutolewa damu, unangoja majibu ya damu, unangoja dawa ichanganywe, kisha unangoja ishuke mshipani tone kwa tone. Na kama damu imepungua, unaambiwa nenda nyumbani urudi wiki ijayo. Ulikuwa umejikaza tangu alfajiri kwa kitu unachokiogopa, sasa umenyimwa, na unashangaa machozi yanakutoka. Kwenye benchi kila mtu ana kikapu chake: blanketi, chupa ya uji, ndimu ya kunusa kichefuchefu kikija. Runinga ukutani inaonyesha watu wakicheka bila sauti.

Watu wa kanisa letu walinipigia simu sana. "Unaendeleaje?" Swali hilo lilinishinda. Nikisema vizuri, naongopa. Nikisema vibaya, maombi yanaanza hapo hapo kwenye simu, na mimi natafuta karai nitapike.

Kwa hiyo sijui kwa nini mimi mwenyewe nilimuuliza Bi Zuhura swali lile lile. Ilikuwa mara yangu ya pili kuwekewa dawa. Aliketi kiti cha karibu na dirisha, mama wa makamo aliyejifunga leso mbili juu ya baibui kwa baridi, mkono mmoja una sindano, mwingine umeshika simu. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akiuza mapazia sokoni Gikomba na kukaa mtaa wa Majengo, karibu kabisa na soko hilo, na kwamba ugonjwa wake ulianzia kwenye titi.

"Unaendeleaje, mama?" nilisema kwa adabu.

"Usiniulize hilo, mwanangu. Kila mtu ananiuliza hilo. Niulize nimevuna nini."

"Haya, umevuna nini?"

"Nyanya." Akanigeuzia simu. Kulikuwa na shamba dogo la rangi kali, nyanya nyekundu zikirukaruka kwenye vikapu, ng'ombe weupe wamejipanga kama wanafunzi. "Waone hawa. Hawana kupe. Humu hakuna ugonjwa kabisa, unajua? Na mvua inanyesha ukiamua wewe. Wewe unacheza nini?"

Nikamweleza habari za lori langu, mlima wenye theluji, na jinsi breki zinavyopata moto ukishuka vibaya.

"Ukifika, mzigo anashusha nani?"

"Unashuka wenyewe."

"Aa! Hiyo ya uongo basi."

"Na ng'ombe wasio na kupe?"

Alicheka mpaka sista akaja kuangalia kama sindano imetoka mshipani.

Tangu siku hiyo tukawa tunapangiwa kuja pamoja, na kama hatukupangiwa tulimsihi sista. Kila mtu alifika na habari zake. Nilimwambia mvua ya kwenye gemu yangu ni nzuri kuliko vitu vyote vilivyomo, inavyopiga kioo na wiper inavyoifuta. Lakini barabara zenyewe zina upweke, unaweza kwenda mwendo mrefu usione mtu hata mmoja akiuza mahindi ya kuchoma. Yeye alinilalamikia kwamba shamba lake limepandishwa daraja na sasa wanamlazimisha kufuga nguruwe.

"Mimi nguruwe! Nimewaacha hapo zizini. Nawapa maji tu, siwaombei."

Wengine wakaingilia. Karani mmoja mstaafu alikuwa akicheza drafti na simu yake, na simu ikimshinda kila mara. Alikuwa akitueleza kete kwa kete jinsi alivyoonewa. Msichana wa chuo mwenye kilemba alikuwa na gemu ya kupanga vito vya rangi, akisema haina maana yoyote ndiyo maana anaipenda. Kuna saa ile benchi ilisikika kama baraza la vijana. Halafu jina la mtu linaitwa, naye anainuka akishika ukuta.

Nywele zilitoka kabla ya Krismasi. Za kichwa sikuzijali, lakini nyusi zilipokwenda nilijitazama nikaona mtu nisiyemjua amevaa shati langu. Mate yakawa na ladha ya sarafu. Kulikuwa na dawa moja nyekundu ya kwenye bomba la sindano, nilianza kuichukia hata rangi yake. Mwikali alilazimika kuficha juisi ya tikiti. Baada ya kila dawa nililala kama mzigo, nikaanza kupata nguvu, na nguvu zikirudi tu, siku ya dawa imefika.

Kisha vidole. Joto la Januari lilikuwa limebana nyumba ya mabati, nikakaa nicheze, na padi ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Nilivitazama vidole vyangu vikibonyeza na sikuhisi kama vinabonyeza. Lori likaacha barabara taratibu, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Siku hiyo hiyo niligundua siwezi kufunga vifungo vya shati. Daktari alisema ni dawa, huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi zote. Alisema hivyo kwa ukweli, nami nilimshukuru, lakini nilipofika nyumbani niligeukia ukuta.

Mwikali alileta chai, akaiweka kando ya kitanda.

"Vidole vimekufa ganzi tangu lini?"

"Si sana."

"Nimesikia ukimwambia yule mama wa hospitalini kwa simu. Yeye unamwambia kila kitu. Mimi unaniambia uko sawa."

"Yeye haniulizi."

"Kwa hivyo kosa langu ni kuuliza?"

Alikuwa akiamka kabla ya jua kunipikia uji, anakwenda ofisini, anarudi kunifulia matapishi, na Jumapili anapokea wageni wanaoniletea matunda nisiyoweza kula. Kwao mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, na ni mimi waliyekuja kumwona. Nilimwona akikonda mbele ya macho yangu na sikuweza hata kumfunikia sufuria. Alichukua kikombe cha chai ambacho sikukigusa, akatoka nacho.

Kesho yake, Jumamosi mchana, alikuja akaketi kando yangu, akachukua padi.

"Nielekeze."

"Utaweza?"

"Nielekeze, Wafula."

Alikanyaga mafuta kabla ya kuachilia breki ya mkono. Akagonga lango la bohari. Akaingia barabarani upande wa kushoto kama kwetu, na kule wanaendesha kulia, tukakutana ana kwa ana na lori la mafuta, Mwikali akapiga kelele na kufumba macho. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka mwanzoni. Alikuwa ameuma mdomo, ameshika padi kama usukani wa kweli. Ilichukua majuma mengi ajue kurudisha lori nyuma, na hakuwahi kupenda. Lakini alianza kuwa na maoni yake. Alisema milima inachosha, yeye anapenda barabara za pwani. Alisema dereva angepewa mtu wa kuongea naye. Siku moja alipaki kwenye kituo cha mafuta cha gemu, akaweka padi chini, akatazama tu taa za magari zikipita kwenye kioo. Nilimuuliza mbona hatuendi. Akasema, "Ngoja kidogo. Nimechoka." Nikangoja.

Nilipompelekea Bi Zuhura habari za dereva wangu mpya, alifurahi sana. "Mwambie avae mkanda."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa anabadilika. Mkono wake wa upande ule wa ugonjwa ulikuwa umevimba, umeumuka kama mkate. Alikohoa. Simu hakuitoa tena mkobani, alinisimulia tu. Na ajabu ni kwamba shamba lilizidi kunoga. Kisima kilikauka ikabidi achimbe kingine. Jirani alimwoza binti, akamwalika. Alinunua punda asiyetaka kubeba kitu isipokuwa aimbiwe. Sikujua gemu za simu zina mambo hayo. Nilimwomba anionyeshe huyo punda, akasema chaji imekwisha. Mara nyingine tena chaji ilikuwa imekwisha.

Masika yalipoanza, kiti cha dirishani kilikuwa na mtu mwingine.

"Bi Zuhura hajaja?" nilimuuliza sista.

"Hajaja." Alikuwa akitafuta mshipa kwenye mkono wangu, na mishipa yangu kufikia hapo ilikuwa migumu kama kamba. Hakuinua macho. Simu ya Bi Zuhura haikuwa ikipatikana tangu zamani. Alikuwa akinipigia kwa simu ya dadake, nami sikuwa nimejiuliza kwa nini. Nilipopiga namba ile, dadake, Bi Mwanaisha, alisema, "Yuko nyumbani. Wamesema akae nyumbani."

Nilimaliza dawa zangu mvua ikiwa imekolea. Wakanipiga skani. Majibu yalikuja: hakuna kinachoonekana. Daktari alitabasamu kabla ya kusema, Mwikali akamkumbatia, na mimi nilikaa nikitazama viatu vyangu vyenye matope. Nilikuwa nimengojea furaha ije, kama unavyongoja jina lako liitwe. Haikuja. Nilichowaza ni kwamba sasa nitakwenda Majengo, na sijui nitasema nini.

Tulikwenda kesho yake, wote wawili. Bi Mwanaisha alitupokea mlangoni, akatupitisha kwenye ukumbi mrefu wa nyumba ile ya zamani hadi chumba cha nyuma. Bi Zuhura alikuwa ameegemezwa mito, amekuwa mdogo sana. Kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia. Tuliletewa chai ya tangawizi na sahani ya mandazi.

"Huyu ndiye dereva?" aliuliza, akimtazama Mwikali.

"Ndiye mimi, mama."

"Niambie. Mko wapi sasa?"

Mwikali akamwambia. Alieleza barabara ya pwani, bahari ikiwa upande wa kulia, mzigo wa samani, jinsi alivyokwama darajani kwa sababu lori lilikuwa refu kuliko alivyodhani. Mikono yake ilizungusha usukani hewani. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo na mtu mwingine. Bi Zuhura alisikiliza amefumba macho, akitabasamu mahali panapofaa.

"Na shamba?" nikauliza.

Alifungua macho. "Simu ilikufa, mwanangu. Iliniponyoka kwa huu mkono, ikaingia kwenye karai la nguo. Kabla hata ya ile sikukuu yenu ya Krismasi."

"Na punda?"

"Punda nilimtunga." Akapumzika, akavuta pumzi. "Na harusi pia. Ningekuambia nini pale kitini? Habari za ugonjwa kuingia mapafuni?"

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilitazama sakafu. Niliona nikisema habari yangu nitakuwa nimemwibia kitu, na nisiposema nitakuwa nimemdanganya.

"Wewe umepona," akasema.

"Nani amekuambia?"

"Mkeo. Tazama anavyokula mandazi. Mtu mwenye mgonjwa hali hivyo."

Mwikali akasimamisha andazi njiani, akaona haya. Bi Zuhura akamshika mkono ule wenye andazi, akausukuma mdomoni mwake taratibu. "Kula, mama. Kula. Alhamdulillahi."

"Na wewe, Bi Zuhura?" nilisema. "Hakuna dawa nyingine? Hakuna hospitali nyingine tunayoweza..."

"Wafula." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Niache nipumzike. Mwache dereva amalizie safari, nilitaka kujua kama daraja lilipitika."

Halikupitika, Mwikali akamwambia. Alilazimika kurudi nyuma na kuzunguka mji mzima.

Bi Mwanaisha alinipigia mvua zikiwa zimepungua, mchana. Tulipofika Majengo walikuwa wameshamzika. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, viatu vyekundu kwa udongo. Mwikali aliingia ndani kwa wanawake waliokaa mikekani. Mimi niliketi kwenye benchi uchochoroni, kando ya mzee mmoja aliyenipa mkono.

"Wewe ni nani wake?" aliniuliza kwa upole.

Nilifikiri. "Tulikuwa tukitibiwa pamoja," nikasema.

Akanitazama kichwa, ambapo nywele zilikuwa zinaanza kuota laini kama za mtoto. "Na wewe je?"

"Mimi wamesema niko sawa."

"Mungu ni mwema," akasema, na akaanza kuvuta tasbihi yake, kwa sababu baada ya hapo lilibaki jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuligusa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini yeye, na si mimi. Tulikaa viti viwili vilivyopakana, tukatiliwa dawa na sista yule yule. Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi, kama ulitarajia nikupe sababu, nisamehe. Sina.

Tuliondoka kabla ya magharibi, tukifuata barabara ya kuelekea Gikomba. Wabeba mizigo walikuwa wakipita na marobota ya nguo, wakipiga mluzi tuwapishe. Nilitembea polepole maana miguu yangu bado ilikuwa haijui vizuri inapokanyaga. Mara nikaona niko peke yangu. Nilipogeuka, Mwikali alikuwa amesimama kando ya kibanda cha mama mmoja muuza sufuria, mkono mmoja ukutani, analia.

Sikuwa nimemwona akilia tangu kinyozi anishike shingo. Hakulia zahanatini, wala siku ya majibu, wala nywele zilipotoka. Sasa alilia kwa sauti, kinywa wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilimrudia. Nilimshika bega, nikamwita, nikamwambia yamekwisha, nimepona. Alitikisa kichwa. Nikamwuliza ni kwa ajili ya Bi Zuhura? Akatikisa kichwa tena. Nilitafuta leso mfukoni nikakosa.

Yule mama muuza sufuria alitutazama mara moja. Alihamisha sufuria kutoka kwenye stuli yake, akaipangusa kwa kanga, akaisukuma hadi miguuni pa Mwikali. Kisha akapindua karai moja kubwa la bati, akanionyesha kwa kidole niketi hapo. Akaendelea kupigia wateja kelele.

Tukaketi. Watu walipita, wengine wakageuka, wengi hawakugeuka. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ninayengojewa. Jioni ile nilimngoja yeye, na hakuna nilichoweza kumfanyia zaidi ya hicho, mpaka akamaliza kulia, akajipangusa uso kwa mkono wa sweta, na kusema ana njaa.